Koti la Fundi wa Juu

Siku Fundi wa Juu alipofariki, nusu ya watu waliokuja kutoa pole waliingia mlango usio wake.

Alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia tangu asubuhi, akichora suruali ya mtu wa benki kwa chaki. Mkewe alikuwa dirishani, penye mwanga, akishona matundu ya vifungo ya koti jingine. Aliisikia chaki ikikwaruza kitambaa, kisha hakuisikia tena. Alidhani mumewe anafikiri. Alipomaliza tundu na kukata uzi kwa meno ndipo alipogeuka, akamkuta amelalia meza, shavu juu ya kitambaa, na mstari wa chaki umetoka kwenye paja la suruali ukaendelea hadi ukingoni, umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Habari ilienea kwa jina, na jina ndilo lililoleta vurugu. Chini ya ghorofa hiyohiyo, kwenye mlango unaotazama barabara, kulikuwa na fundi mwingine wa makoti mwenye jina lilelile. Ndiyo maana watu walisema wa juu na wa chini. Wenyewe waliitana "somo", kama waitanavyo watu wa jina moja, ila wao walilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa.

Basi waombolezaji waliosikia jina tu waliingia kwa Fundi wa Chini, wakamkuta anashona, wakampa pole ya kifo chake. Alisimamisha cherehani kwa heshima na kuwakaribisha viti. Walimwambia alikuwa mtu wa watu. Mwalimu mmoja mstaafu alisema mji umepoteza mkono usio na mfano, na Fundi wa Chini akamwuliza anazungumzia koti lipi hasa. Mwalimu akalitaja. Lilikuwa limeshonwa juu. Hapo ndipo Fundi wa Chini alipomweleza kwamba msiba uko ghorofani, na kwamba hata hivyo mikono ya koti lile ilikuwa mifupi.

Jioni alipanda ngazi mwenyewe. Hakuwa amezipanda tangu walipopanga jengo hilo. Alimpa mjane pole, akakaa, akazungusha macho chumbani akiangalia pasi, taa na rafu ya vitambaa, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, watu walikuwa wengi kiasi gani huku juu. Mjane alisema hakuhesabu.

"Mimi walinijaa mpaka barazani," alisema Fundi wa Chini. "Wengine walilia, shemeji. Sikujua kama nina watu hivyo."

Waliowafahamu tangu ujana wanasema chuki yao haikuwa na chanzo, na kwa sababu hiyo haikuwa na mahali pa kuishia. Hakuna aliyemwibia mwenzake, hakuna aliyemtukania mwenzake mama. Walizaliwa mwaka mmoja, wakaanza kujifunza ufundi siku moja kwa mwalimu mmoja, na walikuwa kimo kimoja, kifua kimoja, mabega ya namna moja yaliyoinama mbele kidogo. Mwalimu wao akiwa na koti la kujaribisha aliita yeyote aliye karibu. Kama mmoja angekuwa mfupi, au mjinga, au mtoto wa tajiri, mambo yangetulia. Lakini kila mmoja akitazama pembeni alijiona mwenyewe amekaa kwenye kiti cha pili, akisifiwa kwa kazi ambayo naye angeiweza. Mmoja akinunua taa, mwenzake ananunua inayowaka zaidi. Mmoja akishikwa na kikohozi, mwenzake anakohoa kwa kishindo mpaka wapita njia wanageuka. Fundi wa Juu alichagua ghorofa ili aitwe wa juu. Wa chini akawa anawaambia wateja kwamba mtu mwenye akili timamu hapandi ngazi kufuata suruali.

Mjane mwenyewe aliingizwa katika hayo akiwa msichana. Wiki Fundi wa Juu alipopeleka posa kwao, ilifika posa ya pili kutoka kwa mtu wa jina lilelile, ambaye hakuwa amemwona hata kwa mbali. Nyumbani walicheka, wakadhani ni mtu mmoja aliyesahau kuwa ameshaleta. Naye alicheka. Baadaye sana, akiwa dirishani na sindano yake, alianza kujiuliza ni posa ipi iliyotangulia kweli, na kama huyu aliyempata naye alikuwa amemwona.

Sasa marehemu alikuwa amelazwa na shati tu, na ndugu walikuwa wakiuliza atazikwa na nini. Alikuwa ameshona makoti ya nusu ya mji lakini hakuwa na lake la maana. Fundi hawezi kujipima mgongo, na yeye hakukubali mtu yeyote ampitishie futikamba, kwa sababu atakayempima atazijua kasoro zake. Alivaa makoti ambayo wateja hawakurudi kuyachukua. Fundi wa Chini akasema atashona yeye. Vipimo anavyo, alisema, akajigonga kifua.

Alilikata kwa kipimo cha mwili wake, akalijaribisha mbele ya kioo chake, akalileta juu likiwa limebaki matundu ya vifungo. Hayo aliyashona mjane kwa mkono, kwa uzi wa hariri aliokuwa ameuweka akiba, na hakuharakisha, kwa sababu ndiyo kazi ya mwisho ambayo angemfanyia. Walipomvika ndipo alipoliona bega la kushoto. Lilikuwa limeinuka karibu na shingo, na nyuma yake kitambaa kimefanya mkunjo, kama mtu anayepandisha bega kusema hajui. Mkono wa Fundi wa Chini haukuwahi kukosea kitu kama hicho tangu siku za uanafunzi. Mjane alimtazama. Fundi wa Chini alikuwa akilitazama bega, na alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba. Wabebaji walikuwa mlangoni, kwa hiyo mjane aliulaza mkunjo kwa kiganja, akawapisha.

Baada ya mazishi Fundi wa Chini alikosa nguvu. Alikuwa akianza koti, anasikiliza dari, hasikii cherehani, analiacha. Alikonda. Majirani walisema kumbe alimpenda mwenzake, wakampelekea chakula.

Kisha jioni moja, giza likianza kuingia, Fundi wa Juu alirudi.

Mjane alimwona kutoka dirishani. Alisimama ng'ambo ya barabara kungoja lori lipite, akavuka, akakung'uta udongo kwenye viatu vyake pale kizingitini, akaitikia salamu ya muuza vocha anayekaa mlangoni. Mjane aliwasha jiko, akabandika maji ya chai, akaondoa vitambaa kwenye kiti. Alizisikia hatua zikifika chini ya ngazi. Zilisimama hapo kidogo. Kisha akasikia mlango wa chini ukifunguliwa, na maji yakachemka mpaka yakapungua.

Aliposhuka alimkuta mumewe amesimama mbele ya kioo cha Fundi wa Chini, amevaa koti la kuzikiwa. Fundi wa Chini alikuwa nyuma yake, pini mdomoni.

"Bega la kushoto, somo," alisema mumewe.

"Lina nini?"

"Unajua lilivyo."

"Bega lako ndilo lililopinda. Koti langu limenyooka."

"Bega langu ni lako, mpumbavu wewe. Ulijipima mwenyewe."

Mjane alisema hodi. Mumewe alimwona kwenye kioo, akamtikisia kichwa kama anavyomtikisia mteja aliyefika kabla ya zamu yake, akarudisha macho begani. Mjane alimwuliza kama atapanda. Alisema kesho. Ni neno alilokuwa akiwaambia wateja wake miaka yote, na mjane alikuwa akilijua vizuri.

Wakati wa kufunga ulipofika, Fundi wa Juu alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akaondoka na shati. Jioni iliyofuata alikuja na shati, akalivaa koti, wakaanza tena. Ikawa hivyo. Fundi wa Chini alilifumua bega, akalipiga bandi ya kulishikiza, akalishona, na kila likikaribia kukaa sawa mkono wake uliteleza kidogo, na kila lilipokuwa limekaa sawa kweli mwenzake alisema halijakaa. Waliitana mafundi viraka. Waliitana mikono ya mbao. Marehemu alisema ameona makoti mazuri zaidi huko aliko, tena yaliyooza. Fundi wa Chini akamjibu kwamba huko aliko hakuna kioo, ndiyo maana amerudi kuombaomba kwake. Fundi wa Chini alianza kunenepa. Majirani waliacha kupeleka chakula.

Wateja hawakuwa na neno, ila kuhusu zamu. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri suti yake ya harusi alinung'unika kwamba wafu wahudumiwe, hajakataa, lakini hawana haraka.

"Na wewe ukisubiri hivyohivyo haraka itakuisha," alimjibu Fundi wa Juu bila kugeuka. Kijana aliona lina mantiki, akakaa.

Mjane alikuwa na hesabu yake. Aliona kwamba kinachomzuia mumewe ni koti. Likikamilika hatakuwa na shughuli tena huko chini, na mtu asiye na shughuli, amesimama chini ya ngazi za kwake, hupanda. Hakutaka mengi. Alitaka aingie, akae kwenye kiti chake, aseme jambo lisilomhusu somo wake. Hakukumbuka kama aliwahi kulisikia jambo la namna hiyo alipokuwa hai, na alidhani ni kwa sababu ya kazi nyingi.

Asubuhi moja, kabla wateja hawajafika, alimfuata Fundi wa Chini na kumwomba alimalize koti.

Fundi wa Chini alikuwa akitunga uzi. Hakuinua macho. "Nikilimaliza vizuri, shemeji, atakuwa amelala na koti zuri kuliko ninalovaa mimi. Nikiliharibu, anarudi. Wewe ungechagua lipi?"

"Ningempumzisha mtu."

"Yule hajapumzika hata alipokuwa na roho. Mimi ndiye niliyekuwa simpumzishi. Sasa nimwonee huruma kwa sababu amekufa? Angefurahi mno."

"Basi nihurumie mimi."

Hapo alimtazama, akionekana kutafuta kwa dhati sababu ya kumhurumia. "Wewe nakufahamu kwa ajili yake tu, shemeji," alisema, na akautia uzi sindanoni.

Kilicholimaliza koti haikuwa huruma. Ilikuwa jioni ambayo marehemu alimwambia Fundi wa Chini, mbele ya wateja, kwamba ukweli umejulikana sasa: bega hili halikuharibiwa kusudi, ila fundi hajui. Siku iliyofuata alifunga mlango tangu asubuhi. Alifumua koti lote, bitana na yote isipokuwa matundu, akalijenga upya kutoka kwenye kola, na jioni alipofungua na Fundi wa Juu akalivaa, watu waliokuwa kwenye benchi waliinuka kulitazama. Lilimkaa kama ngozi. Bega la kushoto lilishuka kutoka shingoni bila mkunjo wala wimbi.

Mjane alikuwa mlangoni. Alimwona mumewe akigeuka ubavu huu na ubavu ule, akiinua mikono, akiinama, akilitafuta kosa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Hakulipata. Mjane alikuwa ameacha maji jikoni, na moyo wake ulikuwa umeshaanza kupanda ngazi.

Fundi wa Juu alifunga vifungo. Kisha akainamisha kichwa.

"Matundu haya," alisema.

Fundi wa Chini alisogea, akayashika kwa vidole viwili, akayapeleka kwenye mwanga wa taa yake inayowaka sana. "Kweli," alisema. "Matundu ndiyo yanayoliharibu."

Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana. Walibaki wameinama pamoja juu ya tumbo moja, vichwa karibu kugusana, na mtu aliyewaona kwa nyuma asingejua yupi aliyekuwa na uhai.

"Nani aliyashona?" aliuliza marehemu.

"Mkeo."

"Yafumuliwe," alisema, na hakugeuka.

Mjane aliingia. Alichukua mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akapiga magoti mbele ya mumewe, akaanza na tundu la juu. Aliufumua uzi wa hariri wote, tundu baada ya tundu, mpaka zikabaki nyufa tupu zinazochanika kwenye kitambaa. Wateja walimpisha. Alisimama, akakusanya vipande vya uzi kiganjani.

"Shoneni wenyewe," alisema, akapanda zake.

Hapo lilijitokeza jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mwalimu wao alikuwa na mke aliyemshonea matundu, kwa hiyo mwalimu hakuyajua, na wanafunzi wake hawakufundishwa. Fundi wa Juu alioa. Fundi wa Chini, maisha yake yote, alikuwa akipeleka makoti yake kwa mama mmoja upande wa pili wa mji, kwa siri, yamefichwa ndani ya mfuko wa viazi. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anajua na kwamba yeye peke yake ndiye mwenye aibu hiyo. Walitazamana juu ya koti lililo wazi kifuani. Kisha Fundi wa Chini akasema kwamba yeye matundu anayajua, ila leo macho yamechoka. Fundi wa Juu akasema na ya kwake vilevile.

Jioni iliyofuata kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kitambaa, sindano na kastabini, wamepeana migongo ili wasiigiane. Walijichoma. Wa chini alitoa damu, wa juu hakutoa, na wa chini akasema huo ni upendeleo. Mjane aliwasikia kupitia sakafu wakilaani nyuzi na kila mmoja akidai cha kwake ndicho tundu na cha mwenzake ni jeraha. Hakubandika maji. Alikuwa amekaa gizani bila taa, akiwachukia wote wawili kwa kiasi kilekile, kwa sababu kuwatenganisha hata katika hilo kulikuwa kazi.

Wakaamua wapate mwamuzi. Wateja wa benchini walikataa. Hakuna aliyetaka kumkosea fundi aliye na suti yake.

Ndipo mjane alipozisikia hatua chini ya ngazi. Zilisimama. Kisha zikaanza kupanda, nzito, taratibu, akizijua moja baada ya nyingine. Mumewe alibisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake. Mjane aliwasha taa, akajifunga vizuri kanga, akafungua.

Alisimama kizingitini na koti wazi. Alikuwa na chaki nyuma ya sikio, mahali alipoiweka sikuzote. Mjane hakuwa amemtazama usoni kwa karibu tangu siku ile ya mezani, na aliangalia kila kitu, kovu la kidevu, nyusi, kola iliyokaa sawa. Alimwambia karibu. Hakuingia. Alinyoosha mikono yote miwili, na katika kila mkono kulikuwa na kipande cha kitambaa chenye tundu moja.

"Lipi bora?" aliuliza.

Mjane alivichukua akavipeleka kwenye taa. Matundu yalikuwa sawa. Uzi ulikuwa umejipinda kwenye kona ileile, mishono imesongamana mahali palepale na kuachana mahali palepale, mabaya yote mawili kwa ubaya mmoja. Aliona kwamba hata mumewe asingeyatofautisha kama yasingekuwa kwenye mkono huu na ule. Alikuwa ameyakazia macho asije akachanganya.

"La kwako lipi?"

"Kulia."

Alifikiri. Akimwambia yako sawa, angeona ametukanwa. Akimwambia lako ndilo bora, angeshuka kwenda kumtambia mwenzake, na huko ndiko angebaki, maana asingekuwa na la kuuliza tena. Alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao, mumewe naye alikuwa akimtazama yeye, wala hapepesi macho, akisubiri neno litoke kinywani mwake.

"Hili la kushoto," alisema mjane. "La somo wako."

"Una hakika?"

"Limekaa. La kwako halijakaa."

Alivichukua vitambaa akashuka bila kuaga. Mjane alisikia mlango wa chini, kicheko cha Fundi wa Chini, na kiti kikiburutwa.

Sasa anapanda kila jioni. Koti bado liko wazi. Fundi wa Chini amepunguza wateja ili apate muda wa kufanya mazoezi, na muuza vocha akiwaona watu wanakuja anawaambia wangoje. Matundu ya mumewe yamekuwa mazuri. Yamempita wa chini, na kwa wiki hizi za karibuni yamempita hata mjane mwenyewe; mishono inalala kama mbegu kwenye ganda. Mjane huvishika vitambaa viwili kwenye taa, huvigeuza nyuma, huchukua muda wake, na mumewe husimama kizingitini akimtazama. Kisha humwambia kwamba la somo wake bado linamzidi kidogo.